Jirani wa Ng'ambo ya Bonde

Wiki iliyopita stima ilipotea mtaa mzima wa Jamhuri, jioni, mimi nikiwa napasha githeri. Jirani wangu wa ukuta mmoja akagonga: "Hata nyinyi hamna?" Nikamjibu hatuna. Yakaishia hapo. Rafiki yangu, mtu huyu namsikia akikohoa, namsikia akigombana kwa simu, najua siku anayokaanga samaki, na jina lake silijui. Basi nikakaa gizani nikamkumbuka jirani wa shosho, ambaye nyumba yake tuliijua kwa kumeta kwa mabati tu.

Shosho, mama yake baba, aliishi Laikipia, upande ule mkavu. Wazazi wangu walikuwa na nyumba Woodley, Nairobi, na kazi huko mjini, kwa hiyo miaka yangu ya kwanza ya shule nililelewa naye. Ardhi ile ilikuwa imenunuliwa na kampuni ya mashamba. Watu wa Kiambu na Nairobi walichanga, wakagawiwa ploti, wakaja mara moja, wakaona vumbi na upepo, wakarudi zao. Zilibaki nguzo fupi za simiti za kuonyesha mipaka. Shosho aliwahesabu wote kuwa majirani. Tukienda kuteka maji alinionya: hapa ni kwa mama wa Limuru, usikanyage, atapanda kunde. Huyo mama hatukuwahi kumwona. Lakini nilizunguka kunde zake kila siku, na hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiwapisha watu wasiokuwepo.

Shuleni tulikuwa wachache hata madarasa mawili yakakaa chumba kimoja. Mwalimu alikuwa na msemo wake, kwamba watu wa huku wanaongezeka kama nywele za kipara. Mtoto akizaliwa tulitembea mbali kwenda kumwona, tukanywa uji, na kabla hajaota meno wazazi wake walikuwa wamefunga mizigo. Kimya kilikuwa kingi. Ukiwa jikoni ulisikia ng'ombe akicheua zizini.

Jirani pekee aliyebaki alikuwa mzee wa mbuzi, ng'ambo ya bonde. Yeye alikuwa Mturkana na shosho Mkikuyu, kwa hiyo mambo yao yote yalikuwa kwa Kiswahili, tena cha kubomoka. Kila jioni, kuku wakishafungiwa, shosho alisimama uani akaita, "Huko mko?" Baada ya muda sauti ilirudi kutoka ng'ambo: "Tuko!" Kisha mzee naye akauliza, na sisi tukajibu.

Usifikiri ilikuwa salamu tu. Ukijibu tuko, umejifunga, kesho asubuhi jirani lazima auone moshi wako. Usipojibu, au usipowasha moto, yeye anaacha kila kitu anakuja. Asubuhi moja kuni zilikuwa zimelowa, shosho akapuliza mpaka machozi, moshi wapi. Tukamwona mzee anapanda kwetu mbio, panga mkono mmoja, kibuyu cha maziwa mkono wa pili. Akatukuta wazima, akacheka, akanywa chai, akarudi. Shosho alisema mtu ni watu, na kwa vile sisi hatukutosha kuitwa watu, ilibidi kila mmoja afanye kazi ya wengi.

Halafu binti wa mzee akaja kumchukua aende akaishi naye Lodwar, maana miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Mzee alikuja kutuaga. Shosho alimpa jogoo, naye akaenda. Nililia siku hiyo, sioni haya kusema.

Jioni shosho akafungia kuku, akasimama uani, akaita. Mazoea ni kitu kibaya. Nilikuwa namshika lesso nimwambie mzee ameondoka, na sauti ikaja: "Tuko!"

Ilikuwa kama ya mzee, ila ilikawia zaidi, na haikuuliza chochote baadaye. Shosho hakuniangalia. Aliingia ndani akakoroga mboga.

Asubuhi ng'ambo hakukuwa na moshi. Sasa, mtu mwingine angesema ni masikio, akaachana nayo. Shosho hakuwa mtu wa kuachana na mambo. Aliyejibu jana na leo hana moshi, huendewa. Akachukua kibuyu na panga, akashuka bonde, akapanda ng'ambo, akakuta mlango umefungwa kwa waya na jivu limepoa, akarudi. Jioni akaita tena, akajibiwa tena. Kesho yake akashuka tena. Hivyo hivyo msimu mzima wa kiangazi, mwanamke wa magoti mabovu, kwenda kumjulia hali mtu ambaye hayupo. Nilimwomba aache kuita. Akaniambia, "Nikiacha, si yeye ndiye atakuja?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Siku moja alianguka bondeni, akalala juani mpaka mchunga mifugo mpita njia akamkuta. Mwalimu akapeleka habari, baba akaja na pikapu ya kuazima. Alikuwa mkali. "Mama, hiyo ni mwangwi." Shosho akamwambia mwangwi hurudisha ulichosema, haujibu. Jioni akaita mbele yake, mguu umefungwa vitambaa. Sauti ilipojibu, baba alikaa chini kwenye kinu kilichopinduliwa, akaniambia nikusanye nguo zangu.

Tuliondoka siku iliyofuata, tukachelewa kwa sababu kuku walikataa kukamatwa. Jua lilikuwa linazama, shosho ameketi mbele, hakuita. Baba alikuwa anafunga kamba ya mwisho sauti ilipotoka ng'ambo, na mara hii ndiyo iliyouliza: "Huko mko?"

Shosho alifungua mdomo. Lakini angejibu vipi, na kesho moto angeuwasha nani? Hakuwa mwongo. Alifunga mdomo, baba akawasha gari, tukaenda.

Aliishi nasi Woodley miaka mingi, akazoea maji ya mfereji na kelele za Ngong Road. Alichoka haraka na watu. Alishangaa mama wa mlango wa pili kuumwa wiki nzima bila mtu kubisha. Mwaka jana alilazwa hospitali kubwa ya Upper Hill, akatuaga huko kwa amani, na kwa kuwa mtu huzikwa kwenye shamba lake, tulimrudisha Laikipia.

Hakukuwa na mtu hata mmoja. Shule imefungwa, mwalimu alihama zamani, ile ardhi inasubiri wenyewe mpaka leo. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, zimemeza zizi na jiko. Lakini kutoka bondeni mpaka kizingiti cha shosho palikuwa na njia. Njia nyembamba, iliyokanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, nyasi zimelala pande zote mbili. Ilifika mlangoni ikaishia hapo. Binamu zangu wakasema ni ya mbuzi. Mbuzi wa nani?

Tulizika, tukaimba, wageni wakapanda magari kabla giza halijaingia. Baba alibaki nyuma karibu na udongo mbichi, kofia mkononi, mzee sasa kuliko mama yake alivyokuwa siku ile. Nilimwona akigeukia bonde. Akaita kwa nguvu zake zote:

"Yuko! Usije tena, yuko!"

Kisha akaniambia tuondoke haraka, kabla hatujajibiwa.