Mpishi Aliyeipa Setilaiti Sifuri

Mpishi wa shule yetu ameaga dunia. Mwalimu mkuu alitangaza Jumatatu kwenye paredi, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na shule hii, paredi ilinyamaza bila kutishwa. Hata mimi, ambaye nyinyi wasomaji wa ukurasa wa nyuma wa jarida hili mnanijua kwa mzaha, nilisimama wima mpaka mwisho. Aliugua wiki mbili tu. Githeri ya wiki hizo mbili, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, ilipikwa na mtu mwingine, na sitaizungumzia hapa, kwa sababu tuko msibani na huyo mtu bado ndiye anayeshika mwiko.

Wengi wenu mlimjua kwa chakula. Mimi nilimjua kwa mvua. Nyuma ya jiko, ndani ya uzio mdogo wa seng'enge, kuna kipima mvua: mkebe wa bati wenye mdomo wa duara, pamoja na bilauri nyembamba yenye mistari ya milimita. Kila asubuhi saa tatu kamili, masufuria ya uji yakiwa yameshasuguliwa, mama huyu alijifuta mikono kwenye leso, akamimina maji ya mkebe ndani ya bilauri, akachuchumaa mpaka jicho likawa sawa na maji, akasoma, akaandika kwenye daftari. Kusiponyesha aliandika sifuri. Na mnaijua Voi ilivyo kavu. Aliandika sifuri nyingi kuliko mwalimu wetu wa hesabu, na huyo ni mtu wa mkono mwepesi.

Sasa ngoja niungame. Nilipokuwa kidato cha pili palikuwa na utaratibu kwamba kipima kikizidi milimita kumi na tano, sisi tunaokaa ng'ambo ya mto turuhusiwe nyumbani mapema kabla mto haujajaa. Asubuhi moja mawingu yalikuwa yamefura, meusi tii, lakini hata tone halijaanguka. Nikaona niyasaidie. Nikamimina chupa yangu yote ya maji ya kunywa ndani ya mkebe, nikaenda darasani kupanga vitabu kwenye begi. Saa tatu mama akasoma. Akashika udongo, akapapasa jani la mpapai, kisha akaja moja kwa moja darasani kwetu na mwiko mkononi, akamwomba mwalimu radhi.

"Kuna mvua imenyesha leo ndani ya mkebe peke yake," akasema. "Kuku wangu aliyelala kando ya mkebe ana vumbi mgongoni. Naiomba hiyo mvua isimame."

Darasa lilicheka mpaka nadhani hata mtaani Kaloleni walisikia. Mimi nikasimama, maana jirani yangu wa dawati alikuwa ameshaanza kunitazama kwa macho ya shahidi.

"Ni wewe, msichana?"

"Ni mimi, mama."

"Basi kwa kuwa unaipenda sana hiyo kazi, muhula mzima utaifanya na mimi."

Mwalimu alikubali haraka mno. Ilionekana wazi hakuwa na wasiwasi wa kunikosa. Kwa hiyo muhula mzima nilichuchumaa. Nilijifunza kwamba maji ndani ya bilauri yanabonyea katikati, na unasoma pale chini, si pale juu yanapopanda ukingoni, hata kama pale juu ndipo panapofurahisha.

Mwaka jana kiangazi kilitukaba. Malori ya maji yalikuwa yakigawiwa kwa kufuata ramani iliyochorwa kutokana na setilaiti, na ramani hiyo ilisema kwetu na upande wote wa majirani zetu wa Ndara kumenyesha vizuri tu. Malori yakatupita yakienda kwingine, dereva anatupungia mkono. Ng'ombe wa Ndara wakawa wanafika hadi kwenye uzio wa shule kunusa maji tuliyooshea sufuria. Mama alikwenda ofisi hii, akarudishwa ofisi ile, akaambiwa ramani ni ramani. Ndipo likaja hapa Voi kongamano la kikanda la wanasayansi wanaotazama dunia kutoka angani, na klabu yetu ya jiografia ikaalikwa kusikiliza. Mama akafunga madaftari kumi na mawili ndani ya leso, akapanda basi nasi. Mlangoni mwa ukumbi kijana mwenye vitambulisho akamwuliza, "Mama, na wewe uko kwenye klabu?"

"Mimi ndiye klabu," akajibu, akapita.

Ndani, mwanasayansi mmoja kijana, suti inang'aa, alituonyesha ramani ukutani. Upande wetu wote ulijaa buluu, rangi ya mvua. Akasema kwa ule mwezi wa kiangazi chetu kikali, hapa palipata mvua ya kutosha. Mama akainua mkono, na hakungoja kuitwa.

"Mwanangu, hiyo mvua ilinyesha wapi? Maana sisi tulikuwa tunasugua sufuria kwa majivu."

"Mama, setilaiti inapima mawingu kutoka juu. Yakiwa mazito na baridi, tunajua yananyesha."

"Na mimi nayatazama kutoka chini. Mawingu ya hapa ni kama wageni wa harusi wale: wanapita kwetu kupigwa picha, kisha wanaenda kula mlimani Sagalla."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Lakini profesa mmoja mama, mwenye miwani, aliyekuwa akiongoza kikao, hakucheka. Aliomba madaftari, akafungua moja, akauliza kwa upole: "Mama, karatasi inakubali chochote. Tutajuaje kwamba hizi sifuri hukuziandika ili mpate lori?"

Nilimwona mama akiikunja leso, akiikunjua. Kumi na mawili, yale madaftari, na yote yalikuwa yanataka kugeuka karatasi za kufungia maandazi. Profesa akaendelea kufunua, akasimama kwenye ukurasa mmoja, akausoma kwa sauti: "Milimita kumi na nane. Si mvua. Ni msichana wa kidato cha pili. Udongo mkavu, mpapai mkavu, kuku mkavu. Naandika sifuri."

Akavua miwani. "Huyu msichana yupo?"

Miguu yangu ilisimama kabla sijaishauri. "Ni mimi, profesa."

"Ni kweli?"

"Ni kweli kabisa. Yalikuwa maji yangu ya kunywa. Nilishinda na kiu."

Yule kijana wa suti alikuwa ameshainamia kompyuta yake kutafuta tarehe ile. Akatafuta, akajikuna shingo, kisha akasema polepole, na sifa yake naye apewe, kwa sababu angeweza kunyamaza: "Siku hiyo hata setilaiti inasema palinyesha."

Yaani siku moja, sehemu moja, setilaiti ilidanganyika, mimi nilidanganya, na mpishi peke yake ndiye aliyeandika sifuri, tena kabla hatujaanza kusubiri lori lolote. Watu walisimama, wakapiga makofi mpaka wahudumu wakatoka jikoni kuangalia. Ramani ilisahihishwa papo hapo, buluu ikatolewa kwetu na Ndara mbele ya macho yetu, na wiki iliyofuata lori la kwanza likaingia langoni. Mama alilikagua kama mtu anayekagua nyanya sokoni. "Mmechelewa," akamwambia dereva. "Fungua mfereji."

Tumemzika Jumamosi kwao Sagalla. Mawingu yalipita juu ya shule, yakatukuta huko mlimani, yakamwaga. Mhubiri akasema mbingu zinalia, nasi tukalowa kwa furaha. Jumapili saa tatu nilikuja shuleni peke yangu, nikafungua mkebe, ambao ungekuwa na mvua ya Jumamosi: mkavu. Siku ya kuzikwa kwake, na daftari lake likose hata milimita moja! Chupa yangu ya maji ilikuwa mkononi, imejaa, na kuku hakuwepo. Nikafungua kifuniko chake. Kisha nikanywa yale maji yote, nikachuchumaa, nikaandika sifuri, kwa sababu mtu aliyetuletea maji kwa kuandika ukweli hastahili kuagwa kwa mvua ya chupa.