Pole Haina Kiingereza

Ukiingia shule ya sekondari aliyosoma binti yangu hapa Toronto, kitu cha kwanza kukukabili kilikuwa bango. Lilichorwa viganja vya rangi zote, na kuvizunguka waliandika neno la kukaribisha wageni kwa lugha ishirini na kitu. La kwetu waliliandika "Caribou". Huyo ni mnyama wa kaskazini mwenye mapembe, yule yule aliye kwenye sarafu yao ya senti ishirini na tano. Kwa hiyo sisi Waswahili tulipokewa mlangoni kwa jina la mnyama. Nilimwambia karani wa ofisi, akanishukuru sana, akaandika kwenye kikaratasi cha manjano. Mtoto alisoma pale miaka minne na mnyama hakubanduka.

Chini ya bango palikuwa na maneno makubwa: kwamba shule ile inajali mafanikio na ustawi wa kila mwanafunzi. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilifundisha shule ya msingi Morogoro miaka kumi na mmoja, darasa lina watoto themanini na madirisha hayana vioo, na bango hatukuwa nalo. Lakini tulijua nani amekuja bila kula.

Ilikuwa zile zama za kununua kadi za kukwangua ili upige simu nyumbani. Tulikaa Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na nne, kwenye jengo ambalo lifti ilifanya kazi ikijisikia. Alfajiri nilipanda basi hadi Markham kusafisha ofisi za watu wa kompyuta. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitano, na hakuwa na mwaka mzima nchini. Kiingereza chake kilikuwa cha kwangu, nilichomfundisha mimi mwenyewe. Hesabu zilikuwa zake.

Sasa, shule zao ziliwagawa watoto wa hesabu mafungu mawili. Kuna fungu linaloelekea chuo kikuu, na kuna lile lingine, ambalo wakilitaja wanalainisha sauti kama wanataja mgonjwa. Siku ya kwanza walitaka kumtia kwenye lile lingine. Hawakuwa wamempa hata swali moja; walikuwa wamemsikia anavyotamka jina lake. Nikakaa kwenye kiti cha ofisini na mkoba wangu mapajani, nikawaambia sitoki mpaka apewe mtihani. Akapewa. Alikosa swali moja tu, lililohusu kile kisahani cheusi wanachokipiga kwa magongo juu ya barafu, ambacho hakuwahi kukiona maishani. Wakampokea kwenye fungu la chuo kikuu kwa nyuso za watu waliotapeliwa.

Siku moja ya Februari ngazi za shule zililowa theluji iliyoyeyuka kwenye mabuti. Kijana mmoja aliyetangulia mbele ya binti yangu akateleza, akaporomoka ngazi nzima, akavunjika kiwiko. Binti akamkimbilia, akachuchumaa pembeni yake akisema, "Sori, sori, sori sana."

Angesema nini kingine? Kwetu mtu akijikwaa, pole. Akiungua, pole. Akifiwa, akiugua, akitoka kazini, hata akiwa amebeba tu mzigo, pole. Hakuna anayekuuliza umemfanya nini mpaka umpe pole. Mtoto alitafuta pole katika Kiingereza chake, akakuta sori, kwa sababu mimi mama yake ndiye niliyeiweka hapo. Nimeiandika kwa chaki miaka kumi na mmoja: pole ni sori. Nikiwafikiria wale watoto wote walioinakili, natamani dunia inimeze.

Mwalimu aliyefika akamkuta mtoto mgeni, mweusi, anaomba radhi mbele ya majeruhi. Kesi ikaisha hapo hapo: amemsukuma. Yule kijana mwenyewe alisema hajui, aliteleza tu, lakini nani alikuwa na haja ya kumsikiliza wakati msichana ameshakiri mara tatu?

Nikaletewa barua. Haikutaja adhabu popote. Iliitwa mpango wa usaidizi. Binti yangu, kwa ajili ya ustawi wake, angehamishiwa chumba kidogo cha chini pamoja na watoto wengine sita, wafundishwe kutuliza hasira hadi mwisho wa muhula. Hesabu za fungu la chuo kikuu hazikufundishwa chumba kile. Jamani, mtu akikupiga fimbo unajua umepigwa. Hawa walikuwa wanamfungia mtoto mlango wa maisha huku wanamwita mpenzi.

Nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Walikuwa watano kuzunguka meza ya duara, wanajiita timu. Makamu wa mwalimu mkuu alikuwa jibaba refu lenye kikombe cha kahawa. Mshauri wa wanafunzi alikuwa mama mwenye sauti ya kubembelezea vichanga. Wengine watatu sikuambiwa kazi yao, na sidhani kama wao waliijua. Kabla sijakaa sawasawa mshauri akanisogezea boksi la tishu, akaniuliza najisikiaje.

"Najisikia kuchelewa kazini," nikamwambia. Nikamrudishia boksi lake.

Makamu akasoma maelezo: mwanafunzi alikiri pale pale, mara tatu, mbele ya mwalimu. Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa ameinama anachezea zipu ya koti. "Mama," akaniambia kwa Kiswahili, "sijui wanataka niseme nini. Kila nikieleza wanasema niko salama hapa."

Nilianza kueleza maana ya pole. Walitikisa vichwa kukubali, kwa pamoja, kwa heshima, wala hawakusikia kitu. Kutikisa kichwa wamesomea wale. Nilipomaliza, makamu akasema wanathamini sana mila zetu, ila mpango ungeanza Jumatatu, na akainuka kwenda kuchukua karatasi ya kutia saini. Goti lake likagonga mguu wa meza, kahawa ikamwagikia mkono.

"Loo, sori, sori," nikasema. Ilinitoka yenyewe.

Akatabasamu huku anajifuta. "Wala si kosa lako."

Nikaweka kiganja juu ya meza. "Rudia."

"Samahani?"

"Hilo ulilosema. Lirudie."

"Nimesema si kosa lako."

"Kama si kosa langu, kwa nini nimesema sori? Nimesema mara mbili, na mko watano mmenisikia. Niandikeni na mimi. Nihamisheni chumba cha chini nikafundishwe kutuliza hasira, maana hapa nilipo ninayo."

Mmoja wa wale watatu akaanza kuangalia kalamu yake kama ameiokota siku ile. Makamu alibaki amesimama na mkono unamchuruzika kahawa.

Mpango ukasitishwa. Ndilo neno walilotumia, umesitishwa. Binti akabaki kwenye hesabu zake, akazimaliza, chuo kikuu alikwenda, na leo ana nyumba yake Pickering. Mshauri alifurahi kupita kiasi. Akasema huo ni utofauti mzuri sana wa tamaduni, je, binti yangu angependa kuuzungumzia kwenye siku ya tamaduni, na labda tulete chakula? Katika mji huu ukimkanyaga mtu kwenye basi, yeye ndiye anayekuambia sori. Siku ile walikuwa watu wazima watano, wamemwita mtoto wangu mwongo wiki mbili, na sori haikumtoka hata mmoja. Niliwadharau siku ile na ninawadharau mpaka kesho.

Nilitoka pale nimeshinda. Barabarani nilikuwa nacheka peke yangu, na jioni nikapika pilau.

Ilipofika Machi tulikuwa tunatoka dukani, mimi na yeye, karibu na jengo letu. Nikakanyaga barafu iliyofunikwa na theluji mpya, nikaenda chini mzima mzima, viazi vikatawanyika hadi barabarani. Maumivu ya kiuno yalinitoa machozi. Binti yangu hakunikimbilia. Kwanza aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona ni nani wako karibu. Halafu akanishika kwapani, akaniinua, akanipangusa koti, akaokota kiazi kimoja kimoja akakirudisha mfukoni. Mdomo ameufunga.

Nikasubiri. Tulipofika mlangoni nikashindwa kuvumilia. "Mama yako nimeanguka hivi, hata pole hunipi?"

Alikuwa hajawahi kunijibu kwa Kiingereza. Siku ile alinijibu kwa Kiingereza, taratibu, macho yakiwa kwenye viazi.

"Mimi sikufanya kitu, Mama."