Siku Tuliyouza Hisa za Mafuta

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, methali zilipopigana kwenye baraza la duka la Ndunge pale Matinyani, Kitui. Tulikuwa watu watatu tumetoka kanisani, Biblia bado mkononi. Mwalimu Kilonzo alisema mvumilivu hula mbivu. Ndunge mwenye duka akamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kilonzo akasema haraka haraka haina baraka. Ndunge akasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mimi nilikuwa katikati, nikimkubalia kila mmoja kwa kichwa, maana wote walisema kweli na hakuna aliyenisaidia.

Wapita njia walidhani tunagombania shamba. Kumbe tulikuwa tukibishana kama wakati wa kuuza hisa zetu za mafuta umefika.

Juzi uliniuliza uuze zako lini, nikakwambia nitakujibu nikishakunywa chai. Haya, chai nimekunywa.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nimeolewa na Mutua, seremala, mtu wa maneno machache. Tuliishi boma moja na mama yake, Kalekye, ambaye nilimwita Mwaitu, jinsi sisi Wakamba tunavyomwita mama. Kilonzo tulifundisha naye shule moja, na ndiye aliyetufungua macho kwamba hata mtu wa kawaida anaweza kununua kipande cha kampuni. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo. Iliuza dizeli, mitungi ya gesi, na mafuta taa, yale yale ambayo Ndunge alitupimia dukani kwa kikombe. Mimi nilitoa akiba yangu ya ualimu, Mutua akauza fahali wake. Tulikuwa na sababu moja tu, na tuliitaja tangu mwanzo: tangi la maji. Hisa zikikua kiasi cha kutosha, tunauza, tunajenga.

Wewe umezaliwa ukikuta mfereji uani, kwa hiyo huenda neno tangi halikushtui. Kiangazi cha kwetu, wanawake walishuka mtoni na kuchimba mchanga mpaka maji yachungulie, kisha wakayateka kidogo kidogo na kupanda nayo mlima, kamba ikiwa kwenye paji la uso na mtungi mgongoni. Mwaitu alikuwa amezeeka na bado alishuka. Ukimwambia apumzike, anauliza kama umemwona akifa.

Lakini hakuna aliyezifurahia hisa zile kama yeye. Jioni nikipunguza utambi wa taa, alinikemea, "Acha iwake! Unajionea choyo mafuta yako mwenyewe?" Naye Ndunge, kila mteja akinunua mafuta taa, alimshukuru kwa niaba ya wenye kampuni.

Basi bei ikaanza kupanda. Kilonzo alitusomea ukurasa wa hisa katika gazeti ambalo lilifika Matinyani likiwa limechelewa, nasi tulilipokea kama la asubuhi hiyo. Kisha dereva mmoja wa lori la mbuzi kutoka Garissa akasimama dukani kunywa soda. Akasema huko kaskazini kuna mitambo inayochimba kutafuta mafuta ardhini, na kampuni yetu ndiyo inayoipelekea dizeli. Alilijuaje hilo, sijui hadi leo. Lakini habari ilituingia kama pilipili, na ndiyo iliyoleta vita vya methali Jumapili ile.

"Mumbua, ukiuza sasa," Kilonzo aliniambia, "utakuwa kama mtu anayevuna mahindi yakiwa na maua."

"Na wewe ukingoja sana, utavuna pamoja na nyani," Ndunge akadakia. "Mumbua, uza!"

"Wewe utauza lini?" nikamuuliza.

"Mimi? Mimi siuzi. Nakwambia wewe uuze."

Kilonzo alicheka hadi akavua miwani. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshiba kicheko, na nisijue la kufanya.

Mutua alikuwa nje akipiga randa mlango wa mtu. Akaniambia fundi wa tangi amepita. Simiti inataka muda wa kukauka vizuri, kwa hiyo kazi isipoanza sasa, mvua itatukuta na shimo.

"Lakini bei inapanda," nikamwambia. "Kilonzo anasema tungoje."

Akaweka randa chini. "Kwani sisi tulikuwa tunatafuta tangi au tulikuwa tunatafuta bei?"

"Tangi."

"Pesa za tangi zimetimia?"

"Zimetimia, na kidogo juu."

"Basi tunangoja nini?"

Jibu nililokuwa nalo ni tamaa, na niliona haya kulitamka.

Nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda Nairobi kwa dalali wa hisa, kijana mmoja mpole aliyevaa tai fupi. Alipoona vyeti vyangu akaniuliza, "Una uhakika, mama? Hizi bado zinapanda." Sitakuficha, mwanangu. Niliiangalia ile kalamu kama mtu anayeangalia mto uliojaa. Kisha nikamwambia nina fundi anayengoja, nikatia sahihi.

Tulipolipwa, kazi ikaanza. Wanawake wa kanisa walikuja kusomba mchanga na mawe wakiimba, na jioni wakala muthokoi kwetu, ule wa mahindi yaliyokobolewa, mpaka sufuria ikabaki inang'aa. Maji ya kukorogea simiti yalitoka kule kule mtoni. Mwaitu alikataa kuachwa nyuma. Alipotua mtungi wake akatangaza mbele ya watu wote, "Haya ndiyo maji ya mwisho ambayo mgongo huu unabeba." Watu wakamwambia aombe mvua kwanza kabla ya kujisifu.

Mvua ilikuja mchana, nikiwa darasani. Bati la shule lilipoanza kupiga kelele, watoto walipiga zaidi, na hakuna mwalimu duniani anayeweza kufundisha hesabu katika mvua ya kwanza ya Kitui. Nilipofika nyumbani nguo zilikuwa zimenigandia mwilini. Nikamkuta Mwaitu amesimama kwenye mvua, ameegemea tangi, sikio amelibandika ukutani.

"Njoo usikie!" akaniita. "Linanguruma!"

Nikabandika sikio langu. Maji yalikuwa yakishuka kutoka paani kupitia mfereji wa bati, yakianguka ndani kwa sauti nzito, kama ng'ombe wengi wanaoingia zizini. Mutua akaja upande wa pili, naye akabandika lake. Tulikaa hivyo watu wazima watatu, tumekumbatia tangi mvuani, tukicheka kama wendawazimu. Kisha Mwaitu akaanza kucheza, mabega yakiruka, matope yakimpanda hadi magotini.

Ningependa kukwambia hadithi imeishia hapo. Haikuishia.

Kabla mahindi hayajatoa maua, Kilonzo alikuja na gazeti lake. Hisa zilikuwa zimepanda tena, na si kidogo. Hakuja kunicheka, alikuwa na furaha yake tu na alitaka kuigawa. Lakini moyo wangu ulisononeka. Nikaanza kuliazima gazeti lake kila lilipofika. Nikawa najumlisha ambacho ningekuwa nacho. Chai nilikunywa bila kuionja, na siku moja nikamwambia Mutua kwamba asingenikimbiza, leo tungekuwa watu wengine. Alichukua msumeno wake akatoka, na kutoka kule kulinichoma kuliko tusi.

Mwaitu alisikia. Akaniita pale kwenye tangi, akafungua mfereji, akajaza kikombe.

"Mumbua, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mwaitu."

"Basi kunywa."

"Sina kiu."

"Kunywa. Hii ndiyo bei uliyouzia. Ionje."

Nikanywa. Akanitazama mpaka tone la mwisho.

"Nimechimba mchanga wa mto ule tangu nikiwa msichana," akasema. "Msimu huu sijashuka hata siku moja. Halafu wewe unaniambia umepata hasara. Hasara imempata nani, mimi?" Akaendelea, "Ukimuuza mbuzi soko la Kitui, akazaa mapacha kwa aliyemnunua, utaenda kudai mmoja?"

"Hapana, Mwaitu."

"Aliyenunua hisa zako naye ana watoto. Mwache afurahi. Ama ulitaka umuuzie mtu kitu kisichofaa?"

Hapo nikajiona, mwanangu, nimesimama mlangoni kwa mtu nisiyemjua nikidai mtoto wa mbuzi, na kicheko kikanitoka mpaka kikombe kikaniponyoka mkononi. Mwaitu akacheka pia, kisha akanipiga begani na kuniambia niende nikamtafute mume wangu. Nilimpata kwenye kazi yake, nikamwomba msamaha. Akasema amekwisha sahau, ingawa nilijua bado. Jioni nilimpikia kuku.

Kilonzo aliuza baadaye, binti yake alipoitwa chuo cha ualimu. Kabla ya hapo bei ilishuka ikamkondesha, ikapanda tena ikamnenepesha. Alipata zaidi yangu, na nilimpongeza kwa moyo mmoja. Ndunge hakuuza kabisa. Alisema hakuna pesa inayoweza kumlipa raha ya kuitwa mwenye kampuni.

Sasa nikujibu swali lako. Usiniulize bei itafika wapi. Hilo silijui, na anayekwambia analijua mwache aende zake. Niulize ulinunua kwa nini. Kama ni ada ya mtoto, kama ni paa, kama ni uzee wako, litaje jina lake mapema, tena mbele ya mtu atakayekukumbusha. Siku bei na haja yako zitakapokutana, uza, hata kama dunia nzima inasema bado. Kama haja haijafika na hakuna kinachokubana, kaa nazo kwa utulivu, wala usiuze kwa sababu jirani amekimbia. Mwenye haja nyingine ana siku nyingine, na siku yake si kosa lako. Na ukishauza, mwanangu, mwache mnunuzi ale chake. Usichungulie sufuria ya mwenzio ilhali yako inachemka. Hasa usimlaumu aliyekusaidia kuamua, maana bei hupanda na kushuka, lakini neno lililomtoka mtu halirudi.

Mungu aliyetulinda sisi akulinde na wewe. Akupe kitu cha kununua, na sababu ya kukinunulia. Akupe siku ya kukiuza, na siku hiyo akupe moyo mwepesi. Nyumba yako isikose kicheko, na kila atakayenunua kutoka mkononi mwako abarikiwe, nawe usikie habari zake ufurahi.