Bakuli la Saba pale Kinuni

Karani wa sensa alipopiga hodi kwangu Buzuruga, nilikuwa nimekaa kibarazani napepeta mchele. Binti mdogo tu, kishikwambi mkononi, jasho linamtiririka kwa kupanda kilima chetu cha mawe. Akaniamkia, nikamwitikia, nikampa maji. Kisha akauliza kama alivyofundishwa: "Mama, usiku wa kuamkia leo walilala watu wangapi humu ndani?" Nikajibu chapuchapu, wawili, mimi na baba watoto. Halafu ungo ukanigandia mikononi. Ndugu yangu, ulimi huu wangu mwepesi wa kutaja hesabu za watu ulishawahi kumliza bibi yangu.

Nimekulia Kinuni. Usijisumbue kupatafuta kwenye ramani. Ukitoka mjini ukaambaa na ziwa nusu siku ulikuwa unafika, na ukiwa na pua nzima hukuhitaji kuuliza, maana harufu ya mbegu za pamba na dagaa wabichi ilikupokea kabla ya watu. Kibao cha ofisi ya kijiji kilikuwa na jina jingine, lakini hakuna aliyelitumia. Kwetu palikuwa Kinuni kwa sababu ya kinu cha kuchambulia pamba. Bibi alisimulia kwamba kabla ya kinu palikuwa na mawe, fisi na nyumba mbili tu. Kinu kikaleta watu: Wasukuma na pamba zao, Wakerewe na Wajita na nyavu zao, Mhindi na duka lake, na mwalimu wetu Mhaya, ambaye alikusahihisha Kiswahili hata ukiwa unalia.

Kila alfajiri king'ora cha kinu kililia, babu akaondoka kwenda kwenye boila, na sisi wajukuu tukatoka kuanika michembe. Wewe uliyekula viazi vitamu vya kukaanga tu, pole. Bibi na mama mdogo walivimenya, wakavikata vipande vyembamba, tukavitandaza juu ya majabali yaliyokwisha kupata jua, na kazi yetu ikawa kuzuia mbuzi wasile. Mbuzi wa jirani yetu Mkerewe walikuwa na adabu mbovu kuliko sisi. Msimu wa pamba nyuzi ziliruka hewani mpaka tukarudi nyumbani na mvi, na bibi akatuamkia "Shikamooni wazee," akicheka peke yake. Jioni tulikula matobolwa, vile viazi vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, kwa maziwa mgando. Nimekula katika hoteli kubwa tangu hapo, na sijashiba vile tena.

Sasa, bibi alikuwa na mwiko wake. Watu hawahesabiwi kwa mdomo. Kunyoosha kidole na kusema mmoja, wawili, watatu, kwake ilikuwa ni kukionyesha kifo mlango wa kupitia. Alitujua kwa mabakuli. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na bakuli lake la bati, na jioni akiyapanga mkekani aliona kwa jicho tu nani hajarudi. Yalikuwa saba. La saba, lenye ukingo wa buluu uliobanduka, lilikuwa la mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume. Mjomba alikwenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita, akatuma salamu mara moja, kisha kimya. Bakuli lake liliendelea kuoshwa na kuwekwa pamoja na mengine, tupu, limetazama juu. Hakuna aliyelisemea neno, hata babu.

Ndipo ikaja sensa, na karani akawa mwalimu wetu, na makaratasi makubwa na penseli nyuma ya sikio.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwarimu. Karibu kiti."

Alipouliza idadi, bibi alicheka. "Watu wangu siwahesabu mimi. Ngoja nikuletee." Akaingia jikoni, akatoka na mabakuli, akayapanga mkekani moja baada ya jingine. Mwalimu alikuwa amekaa nasi vya kutosha. Hakubisha. Aliyapitia kwa ncha ya penseli, kimyakimya, akaandika saba.

Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, na sifa hiyo iliniwasha mwili mzima. Nikaropoka: "Mwalimu, siyo saba, tuko sita! Lile ni la mjomba, na mjomba hajalala hapa tangu mavuno ya mwaka juzi."

Mwalimu alimtazama bibi. Bibi akatazama mkeka. Basi mwalimu akatoa kifutio, akafuta, na mpaka leo nausikia ule mkwaruzo. Jioni ile bakuli la mjomba lilikaa rafuni kifudifudi. Pale kwetu bakuli liligeuzwa hivyo mwenyewe akishazikwa. Bibi alikaa jikoni akifuta macho, akasingizia moshi, na moto wenyewe ulikuwa umezimika. Hakunigombeza. Afadhali angenichapa.

Asubuhi nilimwahi mwalimu kabla ya kengele. Nilimwomba amrudishe mjomba kwenye karatasi, nikamwahidi nitachota maji yake mwaka mzima. Hakunicheka. Akasema, "Hairuhusiwi. Lakini sikiliza. Makarani wamekwenda kila mahali, hata machimboni. Mjomba wako atahesabiwa huko alikolala."

Nilikimbia nyumbani bila kupumua. Bibi alikuwa anakata viazi. Nikamweleza.

"Mwarimu kasema hivyo?"

"Ndiyo bibi."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Kisu kikatulia. "Basi kuna mtu kamwona," akasema. Akainuka, akaingia jikoni, nikasikia bati likigeuzwa juu ya rafu. Alipotoka uso ulikuwa wake tena. "Nenda kafukuze mbuzi," akaniambia.

Mjomba hakurudi. Bibi alikufa akimngoja, na sijutii kumpelekea maneno yale. Kinu nacho kilinyamaza. King'ora kilipokoma, watu waliondoka mmojammoja, Mhindi akafunga duka, Wakerewe wakahamisha nyavu, mwalimu akastaafu akarudi Kagera. Mwaka jana nilikwenda. Majabali yapo. Nyumba zenye moshi ziko mbili tu, kama kwenye simulizi ya bibi. Nilikaa pale tulipoanikia michembe nikalia kama mtoto, na mbuzi mmoja akanitazama.

Kwa hiyo kabla binti wa sensa hajaondoka nilimwomba anitazamie humo kishikwambini kama Kinuni ipo. Akatafuta, akatafuta tena, akatikisa kichwa.

"Hakuna eneo la jina hilo, mama."

"Na watu wake?"

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama ajuza asiyeelewa kitu. "Kila mtu anahesabiwa alipolala, mama."

Nilimshika mkono tu, akaniaga, akateremka kilima kwenda kwa jirani. Basi tumo. Mama mdogo kahesabiwa Butimba kwa binti yake, binamu zangu Dar es Salaam, mimi hapa. Kuna mtu katuona.

Bakuli lenye ukingo wa buluu liko kabatini kwangu. Watoto wangu husema limechakaa, nilitupe. Naliosha kila Jumamosi, na sijawahi kulilaza kifudifudi.