Ubeti wa Elia

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana nikimaliza hutacheka. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, saa saba mchana, mnadani Issuna, watu wamejaa na jua linawaka.

Mimi na Elia tulikuwa kundi la muziki la watu wawili. Wimbo wetu wa kwanza waliuimba mpaka watoto wa Nduguti, siongopi. Halafu tukaanza kuchuja. Tulipoingia studio kurekodi "Nisindikize Mungaa", Elia alikuwa anaumwa kifua, akaimba ubeti wake huku anakohoa. Alipotoka nje nikamwambia prodyuza, "Huyu mtoe. Nani atanunua kikohozi?"

Elia hakuambiwa. Siku redio ilipoupiga, aliwakalisha mama yake na majirani uani wasikilize. Ubeti wake haukuja. Unajua aliponipigia nilimjibu nini? "Kaka, soko limebadilika." Mwezi haukuisha akafa, na mimi nikaenda msibani na flashi mfukoni, nikawagawia vijana wimbo ule ule. Ndivyo nilivyokuwa.

Hata hivyo wimbo haukwenda popote. Nikabaki kuzunguka nao minadani, nikiimba kwa pleibeki: spika inaimba, wewe unachezesha mdomo tu. Siku hiyo Issuna nilikuwa nimeshuka jukwaani, mzee mmoja mchunga ng'ombe akanisogelea, redio inaning'inia shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, mbona wimbo wako umeukata? Mimi ninao mzima."

Akabonyeza. Niamini, ilikuwa sauti ya Elia, ubeti wote, na kikohozi chake humo humo. Nikachungulia nyuma ya redio: kifuniko hakipo, betri hazimo. Nilipaswa kukimbia, si ndiyo? Lakini watu walishasogea, wanapiga makofi, na makofi sikuwa nimeyasikia siku nyingi.

"Fuatisha basi," mzee akasema, "kama mnavyofanyaga."

Nikafuatisha. Nilichezesha mdomo neno kwa neno mpaka mwisho. Redio ikanyamaza, mzee akapotelea kwenye ng'ombe, na nilipotaka kuwashukuru watu, kinywani mwangu ikatoka sauti ya Elia. Mpaka leo ndiyo niliyo nayo. Mama yangu mzazi nikimpigia, anakata simu.

Nilikwenda Mungaa kwa mama yake Elia kutubu. Macho yake hayaoni vizuri. Nilisema "shikamoo, mama" tu, akanikumbatia akilia, "Mwanangu!" Alimzika mwenyewe, lakini sauti ilimtosha. Nikaogopa kusema mimi ni nani. Tangu hapo hunipigia kila jioni, ananiuliza kama nimekula, kisha anasali kwa Kinyaturu, anamwomba Mungu auozeshe ulimi wa yule aliyemtoa mwanawe kwenye wimbo. Akimaliza husubiri niitikie.

Naitikia, "Amina." Vidonda vimeshaanza, na bado naitikia, kwa sababu nikikaa kimya anaanza kulia upya.

Basi wewe uliyemfuta mwenzako mahali, usingoje msiba. Nenda kamwambie leo, akiwa mzima, akutukane kwa mdomo wake mwenyewe.