Majani Aliyoyatoa Mama Mkwe

Kwenye duka la mbolea karibu na soko la Owino, mama mmoja aliweka ndoo tupu juu ya kaunta.

"Nipe tena yale majani ya kuelea. Mpunga wangu unageuka njano."

"Nyabo, si nilikupa ndoo nzima?" muuzaji akamuuliza yule mama kwa heshima.

"Mama mkwe alikuja. Alipoona maji ya shamba yamejaa majani, akasema mwanawe ameoa mvivu. Akakunja gomesi, gauni lake refu, akayatoa yote."

"Na mbolea ya yuria ulitia nusu?"

"Nusu, kama ulivyosema."

Muuzaji akashika kichwa. Mimi, mbeba mifuko wa duka niliyejifunza kusoma mwaka huu, nikawasomea karatasi ya ukutani, neno kwa neno: majani haya yanalisha mpunga badala ya nusu ya yuria, usiyatoe.

"Mama mkwe anajua kusoma?" nikauliza.

"Hajui. Na mimi haniamini."

Basi Jumamosi naenda kumsomea. Shati nimeshalipiga pasi, lakini nyabo ameniambia nije na gambuti, viatu vya matopeni: mama mkwe hamsikilizi mtu aliyesimama ukingoni mwa shamba.