Seli Zilizoogelea Ndizo Zinazolisha

Siku ile naikumbuka hadi harufu yake, mjukuu wangu. Bibi yangu alikuwa anatengeneza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kihambani, shamba la ukoo wetu kule Kirua Vunjo, nami nimeshuka kwenye basi kutoka chuoni, macho yamevimba kwa kulia. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu, tena msichana, na shahada ilikuwa inaniponyoka.

Kazi yangu ilikuwa kumchunguza sifongo. Usicheke, si lile sponji la kusugulia sufuria unalonunua sokoni Kiboriloni. Huyu ni mnyama wa baharini, hukaa juu ya jiwe akivuta maji na kuchuja chakula humo. Lakini utotoni huogelea. Kitoto chake ni kama punje ya chumvi, na nje kimefunikwa na seli zenye vinywele vinavyopiga maji. Siku ikifika hujibandika kwenye jiwe, na safari imeisha. Sasa zile seli za kuogelea huenda wapi? Mwalimu wangu aliamini hufa zote. Mimi nikabisha, na mbishi wa Kichagga unamjua. Akaniambia haya, thibitisha, usipoweza huna shahada.

Nikazitia seli za nje rangi nyekundu. Vitoto vikajibandika, vikatandazika, vikawa uji uliomwagika. Nikaona vimeoza. Nikavimwaga, nikapanda basi.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kukoroga. Kisha akanivuta hadi kwenye pipa la ndizi zilizokuwa zinachacha, povu limejaa, hazitamaniki hata kidogo. Akaniuliza kama na hizo tuzimwage. Nikajibu hapana, bibi, bado, hata ulezi hazijatiwa.

"Basi mbona hivyo vyako umevizika vikiwa hai?" akasema. "Kinachogeuka hakina sura. Rudi ukakitazame."

Wala hakunibembeleza. Asubuhi alinifungia ndizi za njiani, akanisukumia barabarani.

Nikaanza upya. Safari hii nilichukua vitoto vichache katika kila hatua, nikavipiga picha kwenye hadubini. Zile seli nyekundu zikapoteza vinywele, zikazama ndani, zikawa viduara visivyo na kazi wala cheo. Nyingine zilikufa kweli, sikufichi. Lakini nyingine, mwanangu, zilijipanga kuzunguka vyumba vidogo, kila moja ikaota mjeledi mpya, unywele mmoja mrefu, na mijeledi ile ikaanza kuvuta maji yenye chakula. Zilizokuwa zikimkimbiza mtoto sasa zilikuwa zinamlisha!

Mwalimu aliinama kwenye hadubini. Akauliza, nitajuaje kama si rangi tu, iliyobaki baada ya seli moja kumezwa na nyingine? Swali zuri, nilikuwa nalisubiri. Nikampangia picha mezani, hatua kwa hatua, seli nyekundu zikibadilika bila kumezwa na seli nyingine. Alizipitia moja moja, akarudia tangu mwanzo.

"Umenishinda, binti," akasema, akanipa mkono. "Hongera."

Nilipiga kigelegele humohumo maabarani hadi mlinzi akaja mbio. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu, na babu yako anajua.

Nakwambia haya kwa sababu nawaona vijana wa hapa Moshi. Huyu goti limekataa, hawezi tena kupandisha wageni mlimani. Yule duka limefungwa. Wote wananiambia, bibi, nimekwisha. Hujaisha! Nguvu iliyokupeleka mbio haijafa, inatafuta kazi nyingine ndani yako. Kuna kitu chako kitakufa, kiache kife, wala usikifanyie matanga marefu. Mvumilivu hula mbivu, ni kweli, lakini usivumilie ukiwa umefumba macho. Jitazame kila hatua, na usijihukumu katikati ya kugeuka.

Mungu akushike siku ambazo hujielewi, mwanangu. Akuoteshe upya. Na ukishasimama, wengi washibe kwa mkono wako.